Sungura Aliruka

Wali wa baridi kwetu Tanga una jina lake: kiporo. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba mwezi sikuulipua kwa makusudi.

Nilikuwa nasoma Kyoto, Japani, na bibi aliyenipangisha chumba alinipenda kuliko nilivyostahili. Asubuhi moja ya Septemba 2024 akanigongea mlango, mkononi ana kisanduku kilichoviringwa kitambaa na kupigwa fundo juu, kama mama zetu wanavyofunga bakuli la futari kwa kanga. "Tsukimi," akasema. Kutazama mwezi.

Nikampigia mama simu kumhadithia. "Umeandama?" akauliza, maana kwetu mwezi hutafutwa ukiwa mwembamba kama ukucha, tena watu wakabishana. Nikamwambia la, wenzetu huutazama usiku wa kumi na tano, ukiwa sinia. Akanyamaza kidogo.

"Huo si hata kuku anauona?"

Jibu sikuwa nalo. Nilichojua ni kwamba Wajapani waliacha kalenda ya mwezi mwaka 1873, lakini usiku huu mmoja, wa kumi na tano wa mwezi wa nane kwa hesabu ya kale, hawakuuacha. Mwaka ule uliangukia tarehe 17. Huweka mabua ya susuki, nyasi ndefu zenye mashuke kama mkia wa farasi, na vidonge vya unga wa mchele, na magimbi kwa kuwa ndiyo yanavunwa. Magimbi! Niliposikia hivyo nikahisi nimeitwa nyumbani.

Saa ya chakula cha mchana, pale maabara, nikafungua bento yangu, kile kisanduku cha chakula alichonipa bibi. Jamani. Wali mweupe umetandazwa kama mawingu, juu yake nusu ya yai la kuchemsha, kiini kinatazama juu: huo ndio mwezi. Pembeni magimbi madogo ya kuchemshwa na sosi ya soya. Na sungura wawili, maana Wajapani wanasema kwenye mwezi yumo sungura anatwanga mchele. Hao walikuwa mayai ya kware, mazima, yamechanjwa masikio, macho ni punje za ufuta mweusi. Kidogo niwasalimie.

Nikagusa wali. Baridi.

Bento hupikwa ili iliwe imepoa. Hilo hata mtoto wa chekechea wa Kyoto analijua. Mimi nikaitia kwenye maikrowevu, dakika tatu, nguvu zote.

Dakika ya kwanza, kimya. Ya pili, sungura wa kushoto akatetemeka. Kisha: PWAA! Mlango ukafunguka wenyewe. Watu waliokuwa wanafunga hesabu zao wakainuka vitini. Sungura wa hadithi zetu kawashinda simba, fisi na mamba. Huyu kashindwa na sanduku la kupashia chakula. Wa pili hakusubiri kuulizwa, akamfuata mwenzake. Ukuta, dari ya ile mashine, shati langu, kote sungura.

Mwezi ulikuwa umebaki mzima. Nikautoa kwa heshima zote, nikaurudisha mezani, na hapo ndipo profesa wangu alipokuja kuona kulikoni. Akainama. "Ah, tsukimi!" Nami, ili kumwonyesha kwamba mambo yako sawa, nikauchoma kwa kijiti.

Kiini kikaruka chote hadi kwenye miwani yake.

Akaivua taratibu, akaifuta kwa leso, akasema neno moja: "Mugetsu." Nilikwenda kulitafuta kwenye kamusi. Ni jina la usiku ule wa kumi na tano pale mawingu yanapouficha mwezi usionekane.

Jioni bibi alikuwa ananingoja mlangoni.

"Ilikuwa tamu?"

"Tamu sana, bibi."

"Sungura ulimwona?"

"Nilimwona. Aliruka."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Sungura, akasema, ndiyo kazi yao.

Mwezi uliofuata ikaja zamu ya usiku wa kumi na tatu, kwani wao husema ukitazama mmoja ukaacha mwingine ni nuksi. Kitambaa kile kile, fundo lile lile. Ndani mlikuwa na wali wa njugu za chestnati, yai hata moja hakuna. Na juu ya mfuniko kikaratasi kimebandikwa, maandishi makubwa ya kumwandikia mtoto:

USIPASHE.