Nani kasema Wazungu ndio wanaothamini kazi za mikono?

Kila Disemba ikikaribia, lazima Mtanzania mmoja wa huku Norway aandike kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba wenzetu wanathamini kazi za mikono, sisi tumezitupa. Ataambatanisha na picha: sweta lenye nakshi kifuani, jozi ya glavu, labda mama wa makamo kwenye treni kajiinamia na sindano zake. Watu wataitikia "kweli kabisa", halafu mjadala utahamia kwenye bei ya tiketi za ndege. Mimi sikubaliani nao, na mwaka huu nimeona nieleze kwa nini.

Haki yao tuwape. Watu wa huku wanafuma kwelikweli. Wanafuma kwenye treni, kwenye kikao cha wazazi, pembeni mwa uwanja mtoto akicheza mpira. Mwaka 2013 shirika la utangazaji la taifa, NRK, lilirusha kipindi cha kufuma usiku kucha. Walianza na kondoo mzima, wakamkata manyoya, wakasokota uzi, wakafuma sweta, kamera haibanduki. Walikuwa wanaiwania rekodi ya Waaustralia, ambao waliimaliza kazi hiyo chini ya saa tano. Hawakuifikia, na bado watu walikaa wanatazama! Shuleni nako kazi za mikono ni somo la lazima, wavulana na wasichana pamoja, ndiyo maana utakuta baba mwenye ndevu anakuelekeza namna ya kugeuza kisigino cha soksi. Hili la wanaume nawasifu bila masharti. Kwetu mwanamume akikaa kwenye cherehani ni fundi, anaheshimika. Akikaa sebuleni kwake na sindano za kufumia, majirani watauliza kama kuna tatizo.

Ila tuangalie sweta lenyewe linatoka wapi. Sweta la mtu mzima linakula kama gramu 500 za sufu, na sufu nzuri peke yake huweza kukugharimu kuliko sweta zima lililokwisha fumwa dukani. Juu yake weka jioni za wiki nyingi. Anayeweza hayo ni mtu mwenye mshahara, anayetoka kazini mapema, na ambaye giza la saa tisa alasiri linamfungia ndani. Sisemi vibaya. Nasema hiyo ni starehe, na starehe nzuri, lakini isipimwe kwa mizani moja na kazi ya mtu anayekula kwa sindano.

Zamani hata huku watu walikula kwa sindano. Glavu zile maarufu zenye nyota ya pembe nane zinatoka Selbu, karibu na Trondheim. Inasimuliwa kwamba msichana mmoja, Marit Emstad, alizifuma mwaka 1857 akaenda nazo kanisani, na wenzake wakaiga. Miongo iliyofuata familia za Selbu zilifuma glavu hizo kwa ajili ya kuuza, na fedha yake ikaingia jikoni. Mabibi wale hawakuwa wanapumzisha akili baada ya kazi. Ile ndiyo ilikuwa kazi.

Sasa mtazame mfumaji wetu wa leo, jioni ya tarehe 24 Disemba, zawadi zinafunguliwa. Sweta alilofuma linapigiwa makofi, na linastahili. Lakini suruali aliyovaa, shati la mumewe, nguo za kulalia za watoto, vyote vimeshonwa Bangladesh, au China, au Vietnam. Vilishonwa na mikono ya watu, maana hakuna mashine inayotia shati mikono na kola bila mtu kuishika ile nguo. Mtu huyo hana jina. Hakuna anayemuuliza alilipwa nini. Kuthamini kazi za mikono kunaishia kwenye sweta moja.

Kwetu Tanga, nguo ya sikukuu ina mwenyewe na ina fundi wake. Unanunua kitambaa, unakipeleka barazani kwake, anakuzungushia futi kiunoni na kifuani, anaandika kwenye daftari lile lililojaa mafuta ya cherehani, anakata kipande cha kitambaa chako anakibana kwenye ukurasa ili asichanganye. Anajua bega lako moja limeshuka. Anajua mwaka jana ulikuwa mwembamba, na kwa adabu hatalitaja hilo, ataandika tu. Ndani ya mshono anakuachia akiba, na gauni la mtoto anaachia pindo refu ili Idi ijayo literemshwe. Geuza ndani nje gauni la dukani la huku uone mshono ulivyokatwa karibu na uzi: ukinenepa kidogo tu, ndiyo basi. Nguo ya fundi inakusubiri ukue. Na sweta la kufuma, kwa haki yake, nalo halifi kirahisi. Unalifumua, unaupiga uzi mvuke unyooke, unaanza upya. Hapo mafundi wa pande zote mbili wangeelewana vizuri sana.

Lakini sisi hatuiiti nguo hiyo kazi ya mikono. Tunasema "nimeshonesha", na mara nyingi kwa sauti ya chini kuliko "nimenunua". Aliyeshonewa gauni kwa vipimo vyake, na mtu anayemjua mpaka wanawe, anamwonea wivu aliyevaa nguo ya kiwandani iliyokatwa kwa mwili wa mtu ambaye hayupo! Juu ya hapo tunampelekea fundi kitambaa siku tatu kabla ya Idi, tunaomba apunguze bei, halafu tunalalamika kwamba mafundi waongo. Ndiyo, wanasema "njoo kesho, nimebakiza vifungo" ilhali kitambaa hakijakatwa. Nawajua. Lakini mtu mmoja na cherehani ya miguu, mwezi mzima wa Ramadhani, mtaa mzima unamtaka kwa siku ileile, angesema nini?

Kitu kimoja kweli tumepungukiwa, nacho ni kutoa zawadi uliyoitengeneza mwenyewe. Huku hakuna anayeona haya. Kwetu, ukimpa shemeji yako kitambaa cha kochi ulichofuma kwa kroshia, kuna atakayenong'ona kwamba mwaka huu mambo yamekubana. Na si kwamba hatukuwa nacho. Mwambao mzima, Lamu mpaka Unguja, wanawake wamedarizi kofia kwa mkono, tundu kwa tundu, miezi kwa miezi, na mume aliyeivaa siku ya Idi alijua kichwani kabeba nini. Leo kofia za mashine zimejaa sokoni kwa bei ya kutupa, na ya mkono anayeiulizia zaidi ni mtalii. Kinachobaki ni kofia na soksi za uzi za mtoto mchanga, ambazo mama anazifuma angali mjamzito. Hizo hakuna anayezicheka, na sijui kwa nini ruhusa hiyo iishie kwenye arubaini ya mtoto.

Kwa hiyo mimi msimu huu sitaburuta sanduku la sweta kutoka huku. Fedha ya zawadi nimeituma kwa fundi, mapema, bila kuomba punguzo, na kila mmoja nyumbani ataenda kupimwa kwa wakati wake. Dada yangu keshalalamika kwamba hiyo siyo zawadi kutoka Ulaya. Nimemwambia aende na picha ya mshono anaoutaka.

Na wale mnaoendelea kuniagiza masweta ya sufu, mnaishi Tanga! Disemba pale hata shuka ni nzito. Mtu wa Lushoto akiniomba la mwezi wa saba, huyo tutazungumza.