Kloroplasti ni shahidi wa upande wa mama

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakipewa dawa za mitishamba za kupunguza uzito katika kliniki moja nchini Ubelgiji walianza kuharibikiwa figo. Mzizi uliotarajiwa kwenye dawa ile ni wa Stephania tetrandra. Ulioingia ni wa Aristolochia fangchi, wenye sumu. Kwa Kichina mmoja huitwa fangji, mwingine guang fangji. Ukishasagwa, hata mzoefu hana pa kushika.

Visa vya namna hii ndivyo vinavyowapa nguvu watetezi wa jenomu ya kloroplasti, wanaotaka DNA yote ya kloroplasti itumike kutambua mimea ya dawa na kupima uanuwai wake. Sehemu hiyo ya seli, inayofanya usanisinuru, ina DNA yake yenyewe, kwa kawaida herufi 120,000 hadi 160,000 hivi, na seli moja ya jani hubeba nakala nyingi mno. Sampuli iliyochakaa huweza kubakiza vipande vya kusomeka. Mwaka 2009 zilipendekezwa jeni mbili, rbcL na matK, ziwe kitambulisho cha mimea, lakini spishi nyingi zilizo ndugu wa karibu hazikutenganishwa nazo. Jenomu nzima huonyesha tofauti nyingi zaidi. Hapo sina ubishi nao.

Ninasita wanapoifanya hakimu. Katika mimea mingi itoayo maua, kloroplasti hurithiwa kwa mama. Chotara akipimwa atajitaja kwa ukoo wa mama tu, baba haonekani. Zipo pia spishi zilizochanganyika na jirani zamani zikabaki na kloroplasti ya huyo jirani, kwa hiyo anayepima uanuwai kwa njia hii peke yake huchora nusu ya ukoo na kuiita ukoo mzima. DNA ya kiini cha seli, inayotoka kwa wazazi wote wawili, nayo lazima iulizwe.

Halafu kuna swali la mgonjwa mwenyewe: dawa imo? Pakanga, Artemisia annua, ina mimea yenye artemisinini, dawa ya malaria, nyingi na mingine yenye kidogo, yote spishi moja. Jenomu itathibitisha jina, iwe mmea una dawa tele au kiduchu. Wala haitambui kama umeuziwa jani badala ya gome, maana vyote vina jenomu ileile.

Ningeitumia ghalani, mizizi ikiwa bado mikavu na mizima, kabla ya kinu. Dawa iliyokwisha kuchemshwa na kuchujwa, ambayo DNA yake imekatikakatika, ningeipeleka kwa wakemia. Kule Ubelgiji, ni kemia iliyoonyesha mwaka 1994 kwamba unga uliouzwa kwa jina la Stephania ulikuwa na asidi ya aristolokia, sumu ya Aristolochia.