Noti za 1966 jamani tusizifue, na tusikimbilie kuziuza

Zile video za mtu kashika noti ya zamani ya Mwalimu Nyerere anasema kuna mzungu anaitafuta kwa mamilioni, we tuma tu elfu ishirini ya usajili halafu usubiri kupigiwa simu, nasema wazi ni wizi. Mnunuzi wa kweli hamuombi muuzaji hela. Na kinachoniuma zaidi ya hiyo elfu ishirini ni kwamba watu wameshaaminishwa noti ya kwanza ya Tanzania ni tiketi ya bahati nasibu, wakikuta haina bei wanampa mtoto achezee.

Tuanze na historia kidogo, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini nazing'ang'ania hizi noti. Tanganyika imepata uhuru Desemba 1961, imekuwa jamhuri Desemba 1962, lakini hela mfukoni bado ina sura ya Malkia Elizabeth, kwa sababu sisi, Kenya na Uganda tulikuwa tunatumia shilingi ya pamoja iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, bodi ambayo tangu 1919 makao yake yalikuwa London na ilihamia Nairobi 1960 tu. Mwaka 1964 wakatoa noti mpya, Malkia akaondoka ikaja picha ya jahazi ziwani, hakuna sura ya kiongozi yeyote. Mi ile noti ya jahazi naipenda sana, ilikuwa hela ya watu ambao bado walidhani nchi tatu zitaungana. Hazikuungana, 1965 kila mmoja akaamua kuwa na benki kuu yake, na tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu yetu ikafungua milango na shilingi yetu ikaanza. Noti zilikuwa nne: tano, kumi, ishirini na mia.

Sasa chukua ile ya kumi, ya kijani. Mbele kuna nembo ya taifa katikati na Mwalimu kulia, kijana kabisa, nywele nyeusi, wengi waliozoea sura yake ya uzeeni wakiiona wanauliza huyu nani. Ukiiinua kwenye mwanga kichwa cha twiga kinatokea. Geuza nyuma utakuta mkonge umeanikwa, mistari na mistari ya nyuzi nyeupe, na hapo kwa sisi watu wa Tanga ndipo noti inapoanza kuongea. Kwa miaka mingi kabla ya hapo mkonge ndio ulikuwa umeibeba nchi kwa hela za kigeni, wanaume walikuwa wanatoka mbali huko kuja kuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kwenye mashamba ya Muheza na Korogwe, babu yangu mzaa mama mmojawapo, ndio maana sisi tupo huku. Lakini kufika 1966 bei ilikuwa inashuka tayari, nyuzi za viwandani zimeingia sokoni, na 1967 baada ya Azimio la Arusha mashamba mengi yakataifishwa. Kwa hiyo picha ile imechorwa wakati kitu chenyewe kinaanza kuondoka, na aliyekuwa analipwa kwa noti ile pengine ndiye aliyeanika nyuzi zile.

Ya tano ina mlima nyuma. Ya mia ndiyo inayowatoa watu jasho: toleo la kwanza nyuma kuna Mmasai na mifugo, baadaye wakabadilisha wakaweka wanyama wa porini. Ya Mmasai ni ngumu kupata na bei yake ipo juu kweli, hasa ikiwa haijawahi kupita mikononi mwa watu.

Kitu kingine, noti hizi hazina mwaka, kwa hiyo usimwamini anayekwambia hii ni ya 1966 kabisa bila kuangalia saini. Za mwanzo zina saini ya Amir Jamal, waziri wa fedha, na Edwin Mtei, gavana wa kwanza. Zikija za Cleopa Msuya, waziri wa fedha aliyefuata, ujue umeshafika miaka ya sabini. Mi saini hizi naweza kuziangalia muda mrefu sana, huyo Mtei anasaini chini ya sura ya Mwalimu 1966, halafu 1979 akiwa waziri wa fedha wanatofautiana na Mwalimu juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, anaachia uwaziri, na 1992 anaanzisha chama cha upinzani, CHADEMA. Yote hayo yapo kwenye kikaratasi kimoja mtu kakiweka ndani ya Msahafu au Biblia ya marehemu.

Ndio maana naomba, ukiikuta kwa bibi usiifue. Usiipige pasi, usiiguse na jiki, usiibandike selotepu pale ilipochanika, na laminesheni ndiyo kabisa usithubutu. Noti iliyofuliwa mtaalamu anaijua kwa kuishika tu, karatasi imelegea na rangi imekufa, bei imeondoka na ile alama ya mkunjo ambayo bibi alikuwa anaifungia kwenye pindo la kanga imeondoka pia. Iweke kwenye bahasha safi, ndani ya kitabu kizito, mbali na unyevu, maana huku pwani ukungu na mende hawana huruma. Zile albamu za plastiki laini zenye harufu kali ziache.

Najua wakusanyaji wakubwa wanataka noti mpya tupu, zisizowahi kutumika, na minadani Ulaya ndizo zinazopanda bei. Sawa, hiyo ni biashara yao. Mi maoni yangu sisi huku tukusanye zilizochakaa, za kumi na ishirini ambazo bado zinapatikana kwa bei ya kawaida, na kila moja iwe na karatasi pembeni imeandikwa ilikuwa ya nani, alikuwa anafanya kazi gani, aliiweka kwa nini. Noti mpya tupu haina mtu ndani yake. Na hii ni kazi ya sasa hivi, aliyekuwa na miaka ishirini siku shilingi yetu inatoka leo yuko karibu na themanini.

Ile mapema 2025 Benki Kuu ilipotoa miezi mitatu, Januari mpaka Aprili, watu warudishe noti za kuanzia 1985 mpaka 2003, masanduku mengi yalifunguliwa. Kama mlifungua na mkaona zile za zamani zaidi mkaziacha chini, mrudi mziangalie saini. Na mwenye ya mia ya Mmasai, hata kama imechanika, naomba aweke picha mbele na nyuma hapo chini, siitaki kuinunua, nataka kujua ilikuwa ya nani.