Sultani Alipita Tu, Mji Ukawa Wake

Hebu niambieni nyinyi wenye akili. Mtu anatoka Unguja, anakuja kutazama reli ikijengwa, anageuza anarudi zake, halafu mji mzima unaitwa yeye! Mimi niliyezaliwa hapahapa Sultan Hamud, mji wetu wa Kenya, ushuru wa soko nimelipa mpaka basi, hata choo cha stendi hakina jina langu.

Na kiti chenyewe alikipataje? Mwaka 1896 Khalid alijikalisha kwenye enzi ya Zanzibar, Waingereza wakamnyeshea mizinga, vita havikufikisha hata saa moja. Hamud bin Mohammed akaitwa: njoo ukae. Watu wana nyota jamani! Mwaka huohuo reli ikaanza kutoka Mombasa, na ilipofika maili ya 250, mheshimiwa akaja kuona kazi. Basi pakawa pake. Wakamba na Wamasai waliokuwa wakilisha ng'ombe huku, nani aliwauliza?

Kisumu nako palibandikwa Port Florence, jina la mke wa mhandisi. Lakini Wajaluo si watu wa kuchezewa, leo ni Kisumu. Sisi huku tumetulia tu.

Lau lingekuwa na faida! Mji ulioletwa na reli, leo ukitaka treni ya SGR, ile reli mpya, panda matatu kwanza mpaka Emali. Yetu ni kuisikia ikipita.

Juzi nimeenda ofisi fulani. Karani hata hakuinua macho: "Wapi?" Nikasema, "Sultan." Akaandika. Nimekaa kwenye benchi tangu asubuhi, wanaita, "Sultan! Sultan yuko wapi?" Nami nageuka kutazama mlangoni nimwone huyo mkubwa anayechelewesha watu. Saa saba mchana ndiyo nang'amua ninayeitwa ni mimi.

Hilo nililimeza. La mahari ndilo limekataa kushuka. Tulienda ukweni, mbali kidogo, watu wasiojua barabara ya Mombasa. Baba mkwe akauliza, "Wageni wetu, mmetoka wapi?" Mjomba wangu, mdomo mbele, "Tumetoka kwa Sultan, mzee."

Wazee wa kule wakatazamana. Wakatoka nje. Waliporudi, mbuzi walikuwa wamefutwa, sasa ni ng'ombe. Nikamkanyaga mjomba mguu awaeleze habari za reli. Akaweka kofia sawa, akasema, "Ng'ombe watatu ni dharau kwetu. Andikeni watano."

Wawili bado nadaiwa.