Kabla ya wakala wa Saudia kulikuwa na wakala wa Rotterdam

Mjadala wa wahamiaji ukianza hapa kwetu, haukawii kutokea mtu akauliza: mbona Wazungu nao walihama? Walihama kweli, kwa mamilioni. Ila swali hilo huishia kumsuta Mzungu tu, kisha kila mtu akaenda zake. Mimi kwenye historia ile kinachonivutia zaidi ni mawakala wao, maana wanafanana na hawa wanaopeleka wasichana wetu kufanya kazi Ghuba.

Tuchukue Wajerumani wa bonde la mto Rhine, karne ya 18. Vita vilikuwa vimewachosha, kodi za watawala wao hazikwisha, na mashamba yaligawanywa kwa warithi mpaka kipande kikawa hakitoshi kulisha nyumba. Kijijini akatokea mtu aliyewahi kufika Pennsylvania, wakati huo koloni la Waingereza, akarudi amependeza, saa ya mkufu kifuani. Sifa za huko alizimwaga bila kupimia. Jambo ambalo hakulisema ni kwamba wafanyabiashara wa meli wa Rotterdam na Amsterdam, bandari za Uholanzi, walimlipa kwa kila kichwa alichowapelekea.

Asiye na nauli alipanda kwa deni. Gottlieb Mittelberger, mwalimu na mpiga kinanda kutoka Württemberg, alisafiri mwaka 1750 na kumbukumbu zake zikachapishwa 1756. Anaeleza kwamba kuteremka Rhine peke yake kulikula wiki nyingi kwa sababu ya vituo vya ushuru, na kila kituo kilipunguza akiba ya msafiri. Baharini kulikuwa na njaa, maji machafu na maradhi. Meli ikitia nanga Philadelphia, bandari ya Pennsylvania, mwenye deni haruhusiwi kushuka. Wanunuzi hupanda wenyewe, wakachagua na kupatana miaka ya kutumikia deni: mtu mzima mitatu hadi sita, mtoto mara nyingi mpaka atimize miaka 21. Mzazi aliweza kumtoa mwanawe atumikie deni ili yeye ashuke huru. Mume akifa safari ikiwa imepita nusu, mke alilipa nauli ya wawili.

Mittelberger alikuwa na lake, alitaka kuwazuia wenzake wasiondoke, kwa hiyo msomeni kwa tahadhari. Lakini mfumo wenyewe wa kulipa nauli kwa miaka ya utumishi haukuwa hadithi yake. Wajerumani waliokwisha kukaa Philadelphia waliona ya kutosha hata mwaka 1764 wakaanzisha chama cha kuwatetea wageni wanaoshuka melini, na mwaka uliofuata Pennsylvania ikapitisha sheria kuhusu hali ya meli hizo. (Benjamin Franklin naye alikuwa amelalamika kwa maandishi mwaka 1751 kwamba Wajerumani watawageuza Waingereza wa Pennsylvania wawe Wajerumani. Matusi kwa wageni hayakuanza na sisi.)

Sehemu ninayoipenda ni ya Bremen, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani. Mwaka 1832 mji huo ulitunga sheria: mwenye meli athibitishe kwamba chombo kinafaa kwa safari, na abebe chakula cha abiria cha siku 90. Wakubwa wa Bremen hawakuwa malaika. Meli zao zilileta tumbaku na pamba kutoka Marekani na zilihitaji shehena ya kwenda, na shehena hiyo ikawa watu. Walijua msafiri atachagua bandari isiyomwua. Hesabu yao ilikuwa sahihi, maana zaidi ya watu milioni 7 waliondokea Bremerhaven, bandari ya Bremen, kwa miaka iliyofuata.

Sasa tazama vijana wetu, hasa wasichana wa Kenya na Uganda, wanaokwenda kufanya kazi za ndani Ghuba. Tusifananishe kila kitu. Mjerumani wa baadaye aliyefika Marekani, kwa sheria ya 1862, aliweza kupewa ekari 160, ardhi iliyotwaliwa kwa wenyeji wake. Dada anayekwenda Riyadh hapewi hata uraia. Lakini aliyekuja kijijini na saa ya mkufu namfahamu, siku hizi ana simu yenye picha za majengo marefu. Na mwajiri anayemlipa wakala maelfu kisha akakamata pasipoti anafikiri sawasawa na yule mnunuzi wa Philadelphia: nimelipa, basi ni wangu mpaka pesa yangu irudi. 

Serikali zetu hupenda kutangaza kwamba wasafiri wawe waangalifu na wahakiki wakala kwenye orodha ya waliosajiliwa. Sawa, lakini msichana mwenye miaka 22 ataihakiki vipi nyumba iliyo kilomita elfu kadhaa kutoka kwao? Bremen ilimbana mwenye meli, ikamwacha mkulima afunge mizigo yake. Nasi tumbane wakala: kwa kila mtu anayemsafirisha aweke benki fedha za tiketi ya kurudi na za wakili, asiruhusiwe kuzigusa mpaka mkataba uishe, na msichana akikimbilia ubalozini usiku, zitumike siku hiyohiyo bila kumsubiri wakala apokee simu.