Risasi ya pili iko mkononi mwa nani?

Mtu akipandwa na hasira tunasema amekuwa mbogo. Msemo huo uliletwa na watu waliomwona mnyama mwenyewe akigeuka. Nyati dume aliyekomaa ana kilo 700 hivi, na akiamua kuja anakuja kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Akitokea kichakani mita 30 mbele yako, una sekunde 2. Sasa mpe mtu bunduki inayopakiwa risasi moja tu, naye awe ameshafyatua. Afungue chemba, atoe ganda, achukue risasi nyingine mfukoni au katikati ya vidole, aiingize, afunge, alenge. Hata mwepesi wa mikono aliyejizoeza atahitaji sekunde tatu au nne, tena mikono ikiwa haitetemeki.

Lakini wapo wanaoichagua bunduki hiyo kwa makusudi, na kwa wanyama hatari hasa: nyati, kiboko, chui. Hawakuishiwa pesa, wala dukani hazikukosekana nyingine. Ni rahisi kuwacheka. Mimi naona hoja yao ina uzito, na kwa muda niliikubali karibu yote. Linalonisumbua ni jambo moja linalohusu mahali tulipo. Uganda ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1979, ikaurejesha kwa majaribio mwaka 2001 katika ranchi zinazopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, baadaye ukafika Kabwoya na Karamoja. Hapa mnyama hawindwi katika pori lisilo na watu. Anawindwa kwa majirani.

Nianze na upande wao. Mwenye risasi moja, wanasema, hajidanganyi. Anajua hakuna ya kurekebishia, kwa hiyo ananyata mpaka mita 50, anasubiri nyati ageuze ubavu, anasubiri jike lililomkinga lisogee, na yote hayo yasipotokea anarudi kambini mikono mitupu. Mwenye risasi nne kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi ndani ya bunduki, hufyatua mapema, kwa sababu moyoni ameshajisamehe ile ya kwanza. Na ya kwanza ndiyo inayoamua. Wawindaji wa miaka mingi hulisema hili kwa namna moja: nyati aliyepigwa vibaya mara ya kwanza, mwili wake ukishachemka, risasi zinazofuata ni kama unapiga gunia la mchanga. Zinaingia, naye anaendelea.

Pia wanatukumbusha kwamba wingi si nguvu. Afande wa UWA, Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, anayefuatana na wawindaji hubeba AK yenye risasi 30, kila moja ya gramu 8 hivi, na nguvu ya jouli 2,000 inapotoka mtutuni. Bunduki hiyo imekusudiwa majangili, na nyati hakuwamo katika hesabu za walioiunda. Risasi moja ya .458, yaani ya kipenyo cha inchi 0.458 kwa wanyama wakubwa, ina gramu 32 na zaidi ya jouli 6,000. Mtu aliyesimama na hiyo moja, ikiwa imepita begani na kufika moyoni, yuko salama kuliko mwenye zile 30.

Halafu kuna chuma chenyewe. Mskoti John Farquharson alipata hataza mwaka 1872 ya bunduki ambayo ukivuta wenzo ulio chini ya kifyatulio, kipande kizito cha chuma kinateremka na kuifungua chemba. Ukiurudisha, kinapanda na kuifunga. Vipande ni vichache, nguvu ni nyingi, na kwa kuwa hakuna komeo, kile kipande cha kuvuta nyuma na kusukuma mbele ili risasi ipande kutoka magazini, bunduki nzima inakuwa fupi ingawa mtutu ni mrefu. Ruger No. 1, iliyoingia sokoni mwaka 1967, imefuata nyayo hizo na imetengenezwa kwa risasi kubwa za wanyama hatari. Ile ya mitutu miwili, inayosifiwa kuliko zote kwa nyati, hutengenezwa kwa mkono na bei yake inanunua nyumba.

Tena si bunduki ngeni kwetu. Gobore ni nini kama si bunduki ya risasi moja? Askari wa Emin Pasha, gavana aliyewekwa na Misri, waliokuwa Wadelai kando ya Nile miaka ya 1880, walikuwa na bunduki za Remington za jeshi la Misri, za kupakia moja moja; wajukuu wa askari hao ndio Wanubi tunaoishi nao Bombo. Karamoja nako, misafara ya Waswahili iliyotokea Mumias na wafanyabiashara wa Kihabeshi ilikuwa ikibadilishana bunduki kuukuu kwa pembe za ndovu kabla hata serikali haijafika. Lakini hao wote walishika kilichokuwepo. Hakuna aliyeichagua risasi moja ili apate heshima.

Hapo ndipo hadithi ya wawindaji wa kale inapoanza kuwageuka wanaoitumia kama ushahidi. Samuel Baker, mvumbuzi Mwingereza aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864, alikuwa mpenzi wa bunduki nzito kupita kiasi. Nyuma yake, katika mawindo yake, walisimama wabebaji wenye bunduki nyingine zilizokwisha kupakiwa, tayari kumpa mkononi. Frederick Selous, mwindaji Mwingereza, miaka ya 1870 huko ambako leo ni Zimbabwe, aliwinda tembo kwa gobore zito la kipenyo kikubwa, naye alikuwa na mbebaji. Siku moja gobore lilikataa kulipuka. Mbebaji akidhani limeshalipuka akashindilia baruti na risasi nyingine juu ya ile ya kwanza. Safari ya pili lilipokubali, lilimrusha Selous juu na kumwangusha uso mchangani. Watu hucheka wakisimuliwa kisa hicho. Mimi nakisoma kama ushahidi wa jambo jingine: katika mawindo yale, risasi moja haikuwa moja kamwe. Ya pili ilikuwa kwa mtu ambaye jina lake mara nyingi halikuandikwa.

Na Bell? Hakuna anayezungumzia uwindaji Uganda bila kumtaja W. D. M. Bell, aliyejipatia jina la Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20 na kuua tembo zaidi ya 1,000 maishani mwake, wengi kwa bunduki ndogo ya milimita 7 yenye risasi ya gramu 11 hivi. Wapenzi wa risasi moja humdai kuwa wao, kwa kuwa alionyesha kwamba mahali risasi inapoingia pana maana kuliko ukubwa wake. Sawa. Lakini Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umelala wapi, alifanya mazoezi kila siku, na bunduki yake ilikuwa na komeo na magazini. Alikuwa na uwezo wa kupiga moja, akabeba na nyingine.

Turudi kwenye zile sekunde 2, maana hapo pande zote mbili hukosea. Wapinzani huzungumza kana kwamba mwenye magazini atampiga nyati anayemjia mara nne. Haiwezekani. Kwa komeo, mtu hodari atapata moja zaidi, pengine mbili kama amewahi kumwona mbali. Kwa mitutu miwili, anapata mbili za haraka na basi. Kwa hiyo tofauti ya kweli nyati anapokuja ni risasi moja. Na nyati wengi hawaji, hukimbia.

Hapo ndipo nadhani udhaifu wa bunduki hii umejificha, na ni nadra kusikia ukisemwa. Risasi ya pili haina kazi kubwa nyati anapokuja. Ina kazi kubwa anapoondoka. Baada ya mlio wa kwanza kuna sekunde nne au tano ambapo bado anaonekana, anakimbilia kichaka, na kila risasi unayoongeza hapo inapunguza umbali atakaokwenda kabla ya kulala. Waongozaji wengi humwambia mteja kabla ya kuondoka kambini: endelea kupiga mpaka aanguke, na akianguka ongeza. Mwenye risasi moja anazitumia sekunde hizo kuangalia chini, akitafuta risasi. Akiinua macho, nyasi zimeshafunga njia. Kuanzia hapo hana tena mawindo mbele yake. Ana nyati mwenye jeraha ndani ya kichaka, na mtu lazima aingie.

Nani anaingia? Safu ya wawindaji hupangwa hivi: mbele mfuata nyayo, mara nyingi mwenyeji wa hapo, macho chini, mkononi fimbo tu. Nyuma yake mwongozaji mwenye bunduki nzito. Halafu mteja. Halafu afande na AK yake. Mteja aliyechagua risasi moja kwa ajili ya heshima ameihamisha ile ya pili kutoka kwenye magazini yake akaiweka mikononi mwa mwongozaji, na hatari yenyewe ameiweka kifuani mwa mfuata nyayo. Nyara itakwenda kwake. Wapo hata wanaomwomba mwongozaji asifyatue, ili isemwe kwamba nyati aliangushwa na risasi moja ya mtu mmoja. Ombi hilo kwangu ni la kukataliwa papo hapo, hata kama ameshalipa.

Na mwisho wa safu si mwisho wa watu. Pembezoni mwa Ziwa Mburo kuna wafugaji na ng'ombe wao wa pembe ndefu. Nyati aliyejeruhiwa jana jioni anaweza kuwa njiani kwenda kisimani leo asubuhi. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 imeweka utaratibu wa fidia kwa waliouawa au kujeruhiwa na wanyama, nyati akiwemo. Ni hatua nzuri. Lakini fidia hulipwa mtu akishalala hospitalini au kaburini, na fomu haiulizi nyati alikasirishwa na nini.

Jambo la joto nilipite haraka. Chemba ikipata moto, ganda huweza kunata, na bunduki nyingi za risasi moja hazina nguvu ya kuling'oa kama komeo lilivyo. Askari wa Uingereza walilijua hilo Abu Klea, Sudan, mwaka 1885, bunduki zao za risasi moja, Martini-Henry, zilipokwama katikati ya vita. Risasi zao zilikuwa na maganda ya shaba nyembamba na vumbi lilikuwa jingi, hivyo si haki kuihukumu bunduki ya leo kwa kosa hilo. Hata hivyo, mtengeneza bunduki Rigby alipotoa risasi ya .450 Nitro Express mwaka 1898 ganda lake lilikuwa refu na lenye msukumo wa wastani, na sifa yake katika nchi za joto ilitokana na hilo: linatoka. Mwenye kupenda risasi moja achague ganda la aina hiyo, lenye ukingo kitakoni wa kulivutia nje.

Ningeiruhusu basi? Ndiyo, kwa mahali na kwa mnyama. Karamoja baada ya nyasi kuungua, dume la peke yake limesimama mita 60, uwanda wazi nyuma yake: sina ugomvi. Kiboko aliye majini, ambaye hupigwa ubongoni au hapigwi kabisa: inafaa. Chui aliye juu ya mti penye chambo, kwa risasi ya kwanza: inafaa pia, mradi akijeruhiwa bunduki hiyo irudi kwenye gari na anayeingia kichakani awe na nyingine. Kiboko nchi kavu, hapana. Mafunjo ya mto Kafu, vichaka vya Kabwoya chini ya ukingo wa Ziwa Albert, mahali popote nyasi zinapompita mtu kichwa baada ya mvua: hapana, hata kwa bingwa.

Tena kabla ya kuondoka kambini, kila mteja wa aina hii apige shabaha mara mbili mbele ya watu, mita 30, ndani ya sekunde 5, akianza na bunduki iliyopakiwa. Akishindwa aazimwe ya komeo. Akifaulu, yeye na mwongozaji wakubaliane mbele ya wote kwamba mlio wa kwanza ukishatoka, wa pili ni wa mwongozaji, bila kungoja ruhusa. Makubaliano hayo yaelezwe kwa lugha anayoielewa mfuata nyayo, naye aulizwe kama yuko tayari kutangulia mbele ya bunduki ile. Akitikisa kichwa kukataa, iachwe kambini.