Sahani Aliivunja Nani? Juu ya Wasimulizi Wawili

Miswada ya riwaya ninayopewa na waandishi chipukizi wa hapa Kisumu siku hizi haikosi wasimulizi wawili: sura hii mume, sura inayofuata mke, naye msomaji yuko katikati kama mzee wa ukoo aliyeitwa kusikiliza kesi ya wanandoa. Mtindo wenyewe siuchukii. Gillian Flynn aliutumia kwa ustadi katika Gone Girl, riwaya ya mwaka 2012, ambamo tunaamini shajara ya Amy hadi katikati ya kitabu, tunapogundua kwamba aliibuni makusudi ili Nick, mumewe, ashukiwe kuwa amemuua. Waigaji huupenda mgeuko huo, wakasahau kwamba kabla yake kila msimulizi alikwisha kupewa sauti yake.

Katika mswada mmoja, wanandoa wa Nyalenda wanasimulia jioni ile ile waliyokwenda kula samaki Dunga. Mke anasema, "Alivunja sahani." Mume, kurasa kadhaa baadaye, anasema, "Sahani ilivunjika." Hapo nilikaa kitako, kwa sababu kauli ya kutendeka imemwondoa mtendaji bila mtu kutamka uongo wowote, na mume huyo hajioni kuwa mwongo hata kidogo. Angeendelea hivyo hivyo (mlango ulifungika, pesa ziliisha) tungeijua nafsi yake kuliko anavyoijua mwenyewe. Lakini kuanzia sura ya tatu wote wawili wanazungumza Kiswahili kimoja cha darasani, chenye methali zile zile, hata ningefunika majina yaliyo juu ya sura nisingemtambua anenaye.

Wapo wasemao kwamba msimulizi mmoja anatosha, na hoja yao ina uzito. Katika Kichwamaji, ya mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alimwachia Kazimoto usimulizi, nasi tukafungiwa ndani ya akili inayojichimba hadi kujiangamiza. Sura za mkewe zingetupa mahali pa kupumulia, na riwaya ile haikutaka tupumue. Msimulizi wa pili anastahili nafasi pale tu anapojua jambo ambalo wa kwanza hawezi kulijua, au hathubutu kulikiri.

Ninachokikataa kabisa ni kumwingiza msimulizi maizi, yule ajuaye yote, katika sura ya mwisho ili atoe hukumu. Mswada wa Nyalenda uliishia hivyo, kwa kurasa tatu za kueleza ni nani aliyeivunja sahani na kwa nini. Nilimshauri mwandishi azifute zote. Amekubali mbili, ya tatu anasema wasomaji wataidai, nami nasema waachwe waidai.